Televizyo Mpya, Picha ya Zamani: Tuulize Nini Kabla ya Kununua 4K?

Juma hili tunaleta mezani jambo ambalo limekwisha kugombanisha nyumba zaidi ya moja katika chama chetu: zile televizyo kubwa zenye maandishi "4K" au "Ultra HD" kwenye karatoni. Baba anaitaka kwa sababu ya mpira. Watoto wanaitaka kwa sababu jirani anayo. Na mara nyingi pesa ya kuinunua inatoka mahali pamoja: mkononi mwa mama, siku anapopokea likelemba.

Mwezi wa nane, mama mmoja wa hapa kwetu Lubumbashi alipata zamu yake. Yeye na mume wake walichukua sehemu kubwa ya pesa ile wakanunua televizyo ya inchi 55. Walihesabu kwamba kinachobaki, pamoja na faida ya kuuza makala, kitatosha kulipa masomo ya binti yao wa sekondari. Tunajua wote kwamba elimu ya bure iliyoanza mwaka 2019 ni ya shule za msingi za serikali. Sekondari tunaendelea kulipa.

Jioni wakaiwasha. Picha ikatoka mbaya kuliko ile ya televizyo yao ndogo ya zamani. Sura za watu zilikuwa na ukungu, maandishi ya habari chini ya kioo hayakusomeka vizuri. Baba akasema mama amedanganywa dukani. Mama akasema ni baba aliyechagua. Wakairudisha, mwenye duka akaipima, akasema chombo ni kizima, akakataa kurudisha pesa. Majuma mawili watu hawakusemezana vizuri katika nyumba ile. Mwishowe mama akatufikia na machozi: "Mwalimu, nimekula pesa ya mtoto."

Siku ya posho tulienda kwake, sisi wanne wa chama pamoja na fundi wa parabola. Tuliyoyaona huko ndiyo tunayoandika hapa. Mama mwenyewe ametuomba tuyaandike, ili mwingine asijifunze kwa bei aliyolipa yeye.

Nukta nyingi, lakini zitoke wapi?

Picha ya televizyo imefanywa kwa nukta ndogo ndogo, kama kazi ya ushanga. Shanga zikiwa kubwa na chache, ua unaloshona linaonekana kama madoa tu. Zikiwa ndogo na nyingi, unaona hata mishipa ya jani. Picha ya kawaida tuliyoizoea tangu zamani ina nukta 720 kwa upana na mistari 576 kwa urefu, jumla 414 720. HD kamili ina 1920 kwa 1080, yaani zaidi ya milioni 2. 4K ina 3840 kwa 2160, yaani zaidi ya milioni 8. Hiyo ni mara 4 ya HD kamili, na mara 20 ya picha ya zamani.

Lakini kioo hakileti nukta hizo chenyewe. Kinaonyesha kile kinacholetewa. Ukikiletea picha ya zamani, kinainyoosha tu mpaka ijaze nafasi. Ni kama kupakaa kijiko kimoja cha margarini juu ya mkate mzima: mkate umefunikwa, lakini utamu uko wapi? Ndiyo sababu picha ile ile ilionekana nzuri kwenye kioo kidogo na mbaya kwenye kioo kikubwa. Mwenye duka hakusema uongo, televizyo ilikuwa nzima. Shida ilikuwa njiani.

Tufuate njia ya picha

Picha inatoka kwa kampuni inayotangaza, inapanda hadi satelite iliyo karibu kilometre 36 000 juu ya mstari wa ikweta, inashuka kwenye parabola yako, inaingia katika kile kichwa cha mbele kinachoitwa LNB, inapita kwenye waya hadi dekoderi, na kutoka dekoderi inaingia kwenye televizyo. Kama mahali pamoja tu hapako tayari kwa 4K, wewe hutaona 4K, hata kama pengine pote ni papya.

Tuanze na chaneli. Mechi zote 64 za Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi zilipigwa picha kwa 4K. Hata hivyo watu wengi waliziona kwa HD au chini yake, kwa sababu kampuni inayokuletea picha ndiyo inayoamua ikufikie namna gani. Kwa hiyo swali la kwanza haliulizwi dukani, linaulizwa kwa wanaokuuzia abonema: chaneli zipi zinakuja kwa 4K, na ziko katika abonema ya bei gani? Wakikujibu tu kwamba "mambo yako tayari kwa 4K", bado hawajakujibu. Omba majina ya chaneli.

Ya pili ni dekoderi. Picha ya 4K ni nzito, kwa hiyo kabla ya kurushwa inakunjwa, kama unavyokunja vikwembe ili vingi viingie katika valizi moja. Namna ya kukunja inayotumiwa sana kwa 4K inaitwa HEVC, na ilikamilishwa mwaka 2013. Dekoderi ya zamani haijui kukunjua mkunjo huo. Hata ikipokea chaneli ya 4K, itakupa kioo cheusi. Dekoderi iliyoandikwa HD peke yake haiwezi kugeuka 4K kwa sababu tu umebadilisha televizyo.

Ya tatu ni waya kati ya dekoderi na televizyo, na hapo ndipo fundi wetu alipocheka. Dekoderi ya mama ilikuwa ya HD, lakini ilikuwa imeungwa kwa zile nyaya tatu za rangi, njano, nyekundu na nyeupe. Nyekundu na nyeupe zinabeba sauti. Njano inabeba picha, tena ile ya zamani tu. HD na 4K zinapita kwenye waya wa HDMI. Kwa mpira wa 4K, unaohitaji picha 50 au 60 kila sekunde, tafuta mlango wa HDMI 2.0 au zaidi, pande zote mbili, pamoja na ulinzi unaoitwa HDCP 2.2. Kuna televizyo zenye milango mitatu ambayo mmoja tu unakubali 4K yote, kwa hiyo soma maandishi yaliyo kando ya mlango.

Ya nne ni parabola, na hapa tuna habari njema. Anayekuambia kwamba 4K inadai parabola kubwa zaidi, muulize sababu. Kama parabola yako inapokea vizuri satelite ile inayobeba chaneli hiyo, inatosha. Kinachohitajika ni iwe imeelekezwa sawasawa. Picha ya leo haififii polepole kama zamani. Sinyali ikipungua, picha inakatika vipande vya mraba, kisha inapotea. Mvua kubwa inafanya hivyo hivyo, na hakuna televizyo ya bei gani itakayoizuia.

Tena, sisi tunaoishi karibu na ikweta, parabola zetu nyingi zinatazama juu sana, kama bakuli lililotegwa. Zinakusanya maji na majani. Fundi alitoboa tundu dogo chini ya parabola ya mama ili maji yatoke. Akafungua kiungo cha waya kilichokuwa kimefungwa kwa sashe, akakuta shaba imekuwa nyeusi. Akakata, akaunga upya. Sinyali ikapanda palepale.

Macho yetu na umeme wetu

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: umbali wa kiti. Kwenye kioo cha inchi 55, jicho la kawaida likikaa mbali zaidi ya metre 2 na kidogo, haliwezi tena kutofautisha nukta za HD kamili. Kwa hiyo ukikaa metre 3, zile nukta za ziada za 4K umezilipia lakini huzioni. Rangi inaweza kuwa nzuri zaidi, ndiyo. Basi pima saloni yako kwa hatua kabla ya kupima pesa.

Kisha umeme. Televizyo ya inchi 55 inakula karibu wati 100, na nyingine zaidi, wakati ya inchi 32 inaweza kula nusu ya hapo. Na delestaji tunaijua: umeme unakatika, halafu unarudi kwa kishindo. Kioo cha bei kubwa bila stabilizateri ni pesa iliyowekwa barabarani. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, ngoja dakika chache ndipo uchomeke.

Mwisho wa habari ya mama yetu

Fundi alitoa zile nyaya za rangi, akaweka waya wa HDMI wa dola 5. Picha ikatoka ya HD, safi. Binti akasoma maandishi ya habari akiwa ameketi mlangoni. Baba akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Kumbe ilikuwa waya tu. Mama watoto, unisamehe." Tulifurahi. Lakini 4K hawajaiona hadi leo, maana dekoderi yao ni ya HD. Walilipia nukta milioni 8, wanatazama milioni 2.

Na binti? Aliingia darasani majuma matatu nyuma ya wenzake, baada ya sanduku la chama kumkopesha mama yake. Mama analipa kidogo kidogo kila juma. Daftari za wenzake bado anazinakili usiku.

Hatusemi 4K ni mbaya. Mwenye uwezo anunue, afurahi na watoto wake. Lakini tukumbuke tarehe 7 mwezi wa pili 2024, nusu fainali ya CAN. Wakati wa wimbo wa taifa, Léopards walifunika midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole kichwani kama bunduki, kwa ajili ya ndugu zetu wanaouawa mashariki. Sisi tuliliona jambo lile kwenye televizyo ya zamani yenye mgongo. Hakuna aliyeuliza wanasema nini. Tulielewa wote, tukalia.

Kata maswali haya, uyaweke katika mkoba:

1. Chaneli zipi za 4K ziko katika abonema yangu, na nitalipa ngapi kila mwezi?
2. Dekoderi yangu ni ya 4K yenye HEVC, au nitanunua nyingine?
3. Waya na milango ya HDMI inafaa?
4. Fundi amepima sinyali na kukagua viungo vya waya?
5. Kiti chetu kiko metre ngapi kutoka kwenye kioo?
6. Tuna stabilizateri?
7. Pesa ya masomo imekwisha kutengwa?

Kama jibu la swali la saba ni hapana, mengine sita yangoje. Kwenye mkutano ujao, kila mama anayetumia parabola atazame nyuma ya dekoderi yake na atuambie ameona nyaya gani. Huenda wengine wetu tunahitaji dola 5 tu.