Je, Wajua? Land Cruiser kuukuu na mitetemo yake, Kindu

Je, wajua kwamba gramu 100 za tope zinatosha kulitetemesha gari la tani mbili? Vuka Lualaba kwa bac (kivuko) hadi Alunguli, shika njia ya Kalima msimu wa mvua, kisha laza gari. Tope lililoingia upande wa ndani wa rimu hushuka chini, hukauka usiku kucha likawa tofali, na asubuhi shofere anaapa kwamba gari limerogwa. Fanya hesabu. Tairi la 7.50-16, lile la Land Cruiser nyingi za kazi, lina kimo cha sentimita 80 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa huzunguka karibu mara 9 kila sekunde. (Najua, mtauliza ni wapi hapa Maniema mtu anafika 80. Vipo vipande.) Katika mwendo huo zile gramu 100 huivuta rimu kwa nguvu ya kama kilo 6, mara juu, mara chini, mara mbele, mara nyuma. Punguza hadi 40, mvuto unabaki kilo moja na nusu, kwa sababu mwendo ukiongezeka maradufu nguvu hiyo huongezeka mara nne. Ndiyo maana gari linakuwa pole mjini na kuchachamaa likishatoka. Dawa yake ni ndoo ya maji, bisibisi ya kukwangulia, na mtu asiyeona haya kulala chini ya gari.

Je, wajua kwamba mikono na makalio havipokei habari moja? Mtetemo unaoshikwa na usukani kwa kawaida unatoka magurudumu ya mbele. Unaopanda kupitia kiti unatoka nyuma. Muulize abiria aliyekaa nyuma kabla hujanunua chochote.

Je, wajua kwamba tairi hutikisa lakini propela shafti huvuma? Kwenye Land Cruiser yenye difu ya 4.11, kila tairi likizunguka mara 1 shafti imeshazunguka mara 4 na zaidi. Kwa kilomita 80 kwa saa hiyo ni kama mizunguko 36 kwa sekunde, na krosi (kiungo cha shafti) iliyochakaa hupiga mara mbili kwa kila mzunguko, yaani zaidi ya mara 70. Mkono hauwezi kuhesabu mapigo hayo. Unachosikia ni nyayo kuwasha na kioo cha pembeni kufanya ukungu. Kwa hiyo ukiweza kuhesabu mitikisiko kwa mdomo, tafuta kwenye tairi, rimu na beringi. Ikiwa ni mvumo usiohesabika, ingia chini uishike shafti.

Je, wajua kwamba krosi ina asili ya kudanganya? Waingereza huihusisha na Robert Hooke wa karne ya 17, Wafaransa huiita kwa jina la Mwitalia Girolamo Cardano, aliyeishi kati ya 1501 na 1576, na ndiyo maana fundi wa Kindu anasema cardan. Tabia yake ni hii: ikifanya kazi kwa kupinda, upande unaoingiza huzunguka kwa mwendo sawa, lakini upande wa pili huharakisha na kusita mara mbili katika kila mzunguko. Krosi moja peke yake ingelitetemesha gari zima. Shafti ina krosi mbili ili ya pili ifute kosa la ya kwanza, na haiwezi kufanya hivyo mpaka uma za ncha zake mbili zilale kwa mstari mmoja. Sasa fikiria fundi aliyeichomoa shafti ili kutia grisi, akairudisha huku meno yamehama moja au mawili. Kila kitu ni kizima, hakuna kilichochakaa, na gari linavuma kuliko lilivyokuja. Piga alama ya rangi kwenye sehemu zote mbili kabla ya kuzitenganisha. Rangi ya kucha ya dada yako inatosha.

Krosi iliyokauka, kwa taarifa yako, hulia kama kifaranga gari likienda polepole. Ikianza kugonga "ta!" unapotoka rivasi kuingia gia ya kwanza, kifaranga kimeshakuwa jogoo.

Je, wajua kwamba Kiswahili cha Kindu na cha Dar es Salaam ni ndugu mpaka mnapofungua boneti? Lugha ilifika Maniema na misafara ya karne ya 19, enzi za Tippu Tip na ngome ya Kasongo, ikitokea pwani. Vyuma vilikuja baadaye, na Wabelgiji. Ndiyo maana shokapu ya Dar huku ni amortisseur, tairodi endi ni rotule, na beringi ni roulement. Anayeagiza spea kwa simu kutoka Tanzania aseme majina yote mawili, la sivyo ndege itamletea kitu kingine, na kitu kingine hakirudi bure.

Je, wajua kwamba nyutro ni kipimo? Kwenye barabara tambarare, nyoofu na tupu, mtetemo ukianza, achia mafuta na tia nyutro kwa muda mfupi tu. Mtetemo ukiendelea vilevile huku injini imeshuka, injini haina hatia. Kisha simama na uvumishe injini bila gia hadi mzunguko uleule: ikitetemeka hapo, yaache magurudumu yapumzike. Mteremkoni usijaribu. Injini ikikaa nyutro haisaidii tena kuzuia gari.

Je, wajua kuhusu mtikiso unaokaribia kumng'oa dereva usukani mkononi? Gari linakwenda 60, gurudumu moja la mbele linapiga shimo, na ghafla ekseli nzima ya mbele inacheza kushoto-kulia kwa ghadhabu, wala haitulii mpaka gari likaribie kusimama. Huu ni ugonjwa wa magari yenye ekseli ya mbele iliyo kipande kimoja. Mwaka 1999 Toyota ilipoziwekea Land Cruiser za kazi koili mbele badala ya springi za mabamba, ilibidi ekseli izuiwe isihame pembeni kwa chuma kimoja cha mshazari kinachoitwa Panhard, jina la kiwanda cha magari cha Ufaransa. Bushi za ncha za chuma hicho zikilegea kidogo tu, ekseli inapata nafasi ya kucheza. Kumjua mkosaji ni rahisi: magurudumu yote chini, injini inanguruma, mtu mmoja azungushe usukani haraka kidogo kushoto na kulia, mwingine awe anachungulia ncha za Panhard na rotule zote. Chuma kinachochelewa kumfuata mwenzake ndicho hicho. Wengi hununua shokapu ya usukani na mtikiso ukapotea miezi miwili. Hiyo imefunika ugonjwa tu. Mtikiso huo ukikukuta njiani, shika usukani imara, achia mafuta, usikanyage breki kwa nguvu.

Hata ndege huugua hivyo. Gurudumu la pua hupenda kuyumba likikimbia ardhini, na ndege ndogo nyingi zimefungiwa kizuizi chake maalumu.

Je, wajua kwamba pedali ya breki hutofautisha beringi mbili? Inua gurudumu la mbele kwa jeki, weka kigingi, shika tairi juu na chini, sukuma na kuvuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha, beringi za gurudumu zimelegea. Ukibaki palepale, ni beringi za kingpini. Kazi ya dakika 5 inayookoa wiki nzima ya kusubiri spea isiyohitajika.

Je, wajua kwamba mawimbi ya barabara ya udongo hayasababishwi na springi? Wafaransa huyafananisha na bati la kuezekea. Mwaka 2007 wanafizikia Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine walichapisha jaribio la gurudumu linalozunguka juu ya mchanga: mawimbi yaliota hata gurudumu lisipokuwa na springi wala tairi la upepo, mradi mwendo umepita kiwango fulani, nacho ni kidogo. Basi kabla ya kulilaumu gari, liendeshe mahali palipopita greda juzi.

Linatetemeka ukifunga breki tu? Angalia diski za mbele na dramu za nyuma. Huko nyuma hata tope ndani ya dramu linatosha.

Je, wajua kwamba injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, ikinguruma taratibu kwa mizunguko 650 kwa dakika hupiga moto mara 32 kila sekunde? Pigo moja likikosekana, dashibodi nzima inacheza. Mafundi wa dizeli za zamani hulegeza nati za mabomba ya noseli moja baada ya nyingine: silinda ambayo ukiilegezea injini haishtuki, ndiyo iliyokuwa imelala. Fanya hivyo kwa pampu za zamani pekee, kwa kitambaa na miwani, na usiweke kidole mbele ya mafuta yanayoruka, kwa kuwa dizeli ya msukumo huo hupenya ngozi. Kwenye dizeli mpya za kompyuta usithubutu kabisa.

Na hili la mwisho ni la waliokwama ukingoni wakingoja bac siku tatu, gari limejaa magunia. Linapoondoka linadunda kama lina tairi la pembe nne. Usimwite mtu. Tairi lenye nyuzi za nailoni likikaa palepale chini ya mzigo hushika ubapa, na ubapa huo huondoka likipata moto. Nenda polepole kilomita kadhaa, kisha sikiliza tena.