KIMBUNGA KIKIJA, TUSIKILIZE NINI REDIONI?



Redio ikitangaza kwamba kimbunga kiko baharini, kilomita mia sita kutoka mjini, watu hugawanyika. Wengine huingiwa na hofu na kukimbia ovyo. Wengine hucheka na kusema, "Mia sita? Hiyo ni mbali kuliko Mombasa na Nairobi!" Wote hawajasikia sawasawa. Hebu tuangalie yaliyoupata mji wa Beira, huko Msumbiji, mwezi wa Machi 2019.

Kimbunga ni nini?

Ni mawingu, mvua na upepo mkali vinavyozunguka pamoja juu ya bahari yenye joto, kuanzia digrii 26 au 27 hivi. Joto la maji na mvuke wake ndicho chakula cha kimbunga. Kikiingia nchi kavu hunyimwa chakula, kikaanza kudhoofika. Lakini kikirudi baharini kabla ya kufa, hula tena na kupata nguvu. Jambo hilo tulikumbuke.

Kinafuatwaje?

Kwa upande wetu wa Bahari ya Hindi, kusini ya ikweta, kazi hiyo hufanywa na kituo cha hali ya hewa kilichoko kisiwa cha Réunion. Wataalamu hutazama picha za setilaiti na kuandika mahali kimbunga kilipo, saa baada ya saa. Ni kama kutafuta ng'ombe aliyepotea. Jana jioni alionekana mtoni, leo asubuhi kisimani. Basi wajua anaelekea wapi na kwa mwendo gani. Lakini ng'ombe anaweza kugeuka.

Kwa sababu hiyo, ramani ya kimbunga haina mstari mmoja tu. Ina umbo la tarumbeta: nyembamba mwanzoni, pana mwishoni. Kesho tunajua vizuri kidogo, siku ya nne hatujui sana. Aliye popote ndani ya upana huo ajitayarishe, hata kama mstari wa katikati haupiti kwake.

Yaliyotokea Beira

Tarehe 4 Machi 2019, hewa mbaya ilijikusanya karibu na pwani ya Msumbiji na kuingia nchi kavu. Ikaleta mafuriko Msumbiji na kusini mwa Malawi. Mtu angesema, "Basi, imepita." Kumbe haijapita. Ilirudi baharini, ikala joto, kisha ikapewa jina: Idai. Ilielekea upande wa Madagascar, kisha ikageuka na kurudi Msumbiji. Tarehe 14 upepo wake ulifikia kilomita 195 kwa saa. Usiku wa kuamkia tarehe 15 ukaupiga mji wa Beira, wenye watu wapatao nusu milioni.

Mabati yaling'oka, stima ikapotea, simu zikanyamaza, barabara ikakatika. Bahari nayo ilisukumwa na upepo ikapanda, na Beira ni mji uliokaa chini.

Lakini taabu haikuishia hapo. Kimbunga kiliendelea bara na kumwaga mvua kubwa mpaka milima ya Zimbabwe. Kule Chimanimani udongo uliporomoka juu ya nyumba. Maji yakateremka na mito ya Pungwe na Buzi, na siku zilizofuata mashamba yakawa ziwa. Watu walikaa juu ya miti na mapaa wakingoja kuokolewa. Msumbiji peke yake walikufa zaidi ya watu 600, na katika nchi hizo tatu zaidi ya 1,000. Baadaye kipindupindu kikaingia.

Onyo la kimbunga lilikuwa limetolewa siku kadhaa mbele. Lakini kusema "upepo wa kilomita 195" hakumwambii mama aliye kando ya mto maji yatafika wapi. Upepo ndio wenye kelele, lakini mara nyingi maji ndiyo huua wengi.

Mambo manne ya kusikiliza

1. Kiko wapi, na habari hiyo ni ya saa ngapi? Habari ya jana ni ya jana. Sikiliza asubuhi na jioni.
2. Kinaelekea wapi, na upana wake ni upi? Usiulize tu kitatua mji gani.
3. Maji yatakuwaje? Bahari itapanda? Mvua itanyesha wapi, na mto upi unatoka huko?
4. Je, wamesema kimekwisha? Jicho la kimbunga likipita, upepo hutulia ghafla. Usitoke nje. Utarudi kutoka upande mwingine.

Na sisi je?

Karibu na ikweta vimbunga havijiundi kwa urahisi, ndiyo maana Kenya haikuvizoea. Lakini tusilale. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilikaribia pwani yetu, serikali ikatoa onyo, na tarehe 4 kikaingia Tanzania katika kisiwa cha Mafia. Tena, hata pasipo kimbunga, wenzetu wa Mto Tana wanajua maji yanayotoka mbali yanavyofika bila mvua kunyesha nyumbani.

Kikundi hakiwezi kuzuia upepo. Lakini kinaweza kuamua leo nani atasikiliza redio, nani atapeleka habari kwa wasio na simu, na nani atambeba nyanya asiye na mtoto nyumbani. Daftari la kikundi lifungwe ndani ya plastiki. Hayo hayahitaji mfadhili.

Ya kujadiliana kikundini

- Maji yakija kwetu, yatatoka upande gani?
- Mahali pa juu pa kukimbilia ni wapi, na njia yake hupitika usiku?
- Katika kijiji chetu, nani hatapata habari tusipompelekea?