Mgeni wa Gari Atue Ngitilini

Kahama, mkoani Shinyanga, ni mji wa njia. Barabara kuu itokayo Dodoma kupitia Singida na Nzega hupita hapa kuelekea Rusumo na Kabanga, kwenye mipaka ya Rwanda na Burundi. Nyuma ya malori huja pia msafiri mwenye gari lililojengewa kitanda na jiko ndani, ambaye jioni hutafuta mahali pa kulala. Kituo cha mafuta humpa taa na mlinzi, lakini hakimpi usingizi. Mahali panapomfaa wilaya za Shinyanga zimekwisha kupaandaa kwa mikono yao wenyewe, napo ni ngitilini.

Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza ili nyasi na miti vipate nafuu, kisha huyafungulia mifugo wakati wa kiangazi. Ufyekaji wa misitu wa kuwatokomeza mbung'o, mashamba ya pamba na wingi wa ng'ombe viliikwangua ardhi hadi, kufikia miaka ya 1980, mkoa ukawa unahofiwa kugeuka jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza mwaka 1986 na ukaurudia utaratibu huo wa wenyeji: sehemu kubwa ya miti haikupandwa, iliachwa ichipue kutoka kwenye visiki vilivyokuwa hai. Ngitili za hekta 600 hivi zikapita hekta 300,000 katika muda usiozidi miaka 20. Tathmini iliyofuata ilihesabu aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege.

Wapo watakaouliza ni nani atakayesimama mahali pasipo simba wala tembo. Swali hilo linachanganya kituo na mwisho wa safari. Anayefuata sokwe wa Rubondo hawezi hata kufika na gari lake kisiwani, na anayekwenda Burigi-Chato, hifadhi ya taifa tangu 2019, bado ana usiku wa kulala njiani. Usiku huo haudai wanyama wakubwa. Unadai kimya, kivuli, na alfajiri yenye sauti za ndege.

Pingamizi zito zaidi ni la mfugaji: je, kambi ya wageni haitamnyang'anya malisho? Itamnyang'anya ikiwa itaachiwa mwekezaji azungushe uzio. Lakini kalenda yenyewe inaonyesha njia. Ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia, wakiwemo korongo na keremkerem, wako Afrika Mashariki kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ngitili imefungwa kwa ng'ombe. Mgeni na mfugo wanaweza kupishana, mradi kambi ibaki pembeni na isiwe kubwa. Kwa kuwa miezi hiyo ni ya mvua, eneo la kambi lichaguliwe kwenye luseni, udongo wa kichanga, kwani udongo mweusi wa mbuga ukilowa hunasa hata gari tupu. Choo cha shimo, marufuku ya kumwaga maji machafu na mahali pamoja tu pa kuwashia moto viwe masharti ya kwanza, maana moto mmoja wa kiangazi huteketeza kazi ya miaka.

Masharti hayo yatungwe na dagashida, mkutano wa jadi ambao tangu zamani umeamua nani aingie ngitilini na lini, na ada isomwe mbele ya wanakijiji wote. Kahama inajua namna utajiri wa ardhini unavyofika tamati: mgodi wa Buzwagi ulifungwa mwaka 2021. Mti nao, ukikatwa, huuzwa mara moja tu kwa gunia la mkaa. Ukiachwa umesimama, kivuli chake kinaweza kulipiwa leo na msafiri wa Rusumo, na mwezi ujao kikapumzisha ng'ombe wa kijiji bila malipo.