Mashine ya Kuandikia Njiani: Laki Tano Inunue Nini?

Winga wa Kariakoo hakuulizi kompyuta unaitakia kazi gani. Anakuuliza una shilingi ngapi. "Dada karibu, mzigo umeingia jana, core i5, ram nane, kioo safi, wewe bajeti yako ipoje?" Nilimwambia nina laki tano, na ninatafuta mashine ya kuandikia nikiwa safarini. La laki tano alilisikia, la safari likampita. Baada ya dakika chache alirudi na laptopu mbili za inchi 15.6, nzito kama matofali, moja ikiwa na betri inayokufa ukichomoa tu waya wa chaji. Zote mbili alizisifia kwa ukubwa wa diski.

Ukubwa wa diski ndilo jambo ambalo mwandishi halihitaji. Kitabu cha maneno 80,000, kikiwa maandishi matupu, hakifiki hata megabaiti moja. Flashi ya gigabaiti 8 ina nafasi ya maktaba nzima ya miswada. Anayeandika ndani ya basi la Tanga, kwenye boti ya Unguja au kwenye benchi la hospitali akimuuguza mtu, anahitaji vitufe ambavyo vidole vinavizoea, betri ya kumfikisha jioni, kioo kisichomuumiza macho na uzito ambao bega litauvumilia. Vitu hivyo vinne havimo kwenye karatasi inayobandikwa juu ya mashine dukani. Karatasi husema prosesa, ram na diski, basi.

Bei nitakazozitaja ni zile nilizotajiwa nilipozunguka Kariakoo na Posta. Hupanda na kushuka kwa mzigo na kwa dola, na karibu zote hushuka kidogo ukijua kukaa na muuzaji.

Nianze na mpya, kwa sababu ndiko wengi wetu huanzia. Kwa shilingi 600,000 hadi 750,000 unapata laptopu mpya ndani ya boksi lake, yenye prosesa ya Celeron, ram ya gigabaiti 4 na hifadhi ya eMMC ya gigabaiti 64. Inang'aa, ni nyepesi, ina waranti ya mwaka. Mimi nilinunua ya aina hiyo miaka kadhaa iliyopita, na sitamshauri mwandishi yeyote afanye hivyo. Windows 11 yenyewe, kwa masharti ya watengenezaji wake, inataka gigabaiti 4 za ram na 64 za hifadhi kama kiwango cha chini kabisa. Maana yake mashine inatoka kiwandani ikiwa imeshafika ukomo wake. Kila sasisho lilipokuja nilifuta picha na faili ili lipate pa kukaa. Hifadhi ya eMMC imechomelewa kwenye bodi, na katika nyingi za mashine hizi ram pia, kwa hiyo fundi hana cha kuongeza. Baada ya miezi ishirini na kitu hifadhi ilikufa, na fundi akaniambia nibadilishe bodi nzima kwa bei iliyokaribia ya laptopu nyingine. Shilingi 650,000 kwa miezi 24 ni kama 27,000 kwa mwezi, na mwisho wake unabaki na boksi.

Kwa fedha hiyo hiyo, au pungufu, kuna laptopu za mtumba zilizotengenezwa kwa ajili ya maofisi. Kampuni za Ulaya, Marekani na Ghuba huzinunua kwa mamia, huzitumia miaka mitatu au minne, kisha huziuza kwa jumla, na ndipo huingia kwetu, nyingi zikipitia Dubai. Ziliundwa ili mtu azifungue kwa bisibisi ya kawaida, abadilishe diski, ram, betri, hata kibodi. Kibodi zake ndizo zinazonivuta zaidi. Baada ya saa tatu za kuandika, tofauti ya kitufe kinachoshuka sawasawa na kitufe laini kinachoyumba unaisikia kwenye vifundo vya mkono.

Katika kundi hili nimezishika nyingi, na inayomfaa zaidi msafiri mwenye fedha kidogo ni ThinkPad X270 ya mwaka 2017. Kioo chake ni cha inchi 12.5, inaingia kwenye mkoba wa kawaida, na uzito wake haufiki kilo moja na nusu ikiwa na betri ndogo. Nilitajiwa kati ya 420,000 na 520,000. Uzuri wake mkubwa ni kwamba ina betri mbili, moja ndani na nyingine nje, nyuma ya mashine. Ya nje unaichomoa na kupachika nyingine bila kuzima, kwa sababu ile ya ndani inashikilia. Kwa mtu aliyeishi kwenye mgao wa umeme, jambo hili lina thamani kuliko prosesa yoyote. HP EliteBook 820 na Dell Latitude za inchi 12.5 nazo ni imara, lakini nyingi kati yake zina betri ya ndani tu.

Betri hupimwa kwa wati-saa, na hesabu yake ni nyepesi. X270 ina kama wati-saa 24 ndani. Ya nje ni 24, 48 au 72 kutegemea uliyonunua, na hizo kubwa huchomoza chini na kuinua mgongo wa mashine. Ukiandika tu, mwanga umepunguzwa na intaneti imezimwa, mashine hula wati 6 hadi 8. Kwa hiyo 24 na 48, jumla 72, ni kama saa kumi zikiwa mpya. Lakini ya mtumba haina betri mpya. Kabla ya kulipa, fungua dirisha jeusi la amri katika Windows, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti itakayotengenezwa. Utaona uwezo wa betri ilipozaliwa na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imebaki chini ya nusu, omba upunguziwe bei ya betri nyingine, ambayo nilitajiwa kwa shilingi 80,000 hadi 120,000. Na hata hiyo "mpya" ipime kwa njia ile ile, maana bandia ni nyingi na lebo haisemi ukweli siku zote.

Sasa jambo linalowachanganya wanunuzi wengi kwa wakati huu. Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel hukubali rasmi prosesa za kizazi cha nane na kuendelea. Kwa prosesa za umri huu, kizazi husomwa kwenye tarakimu inayofuata baada ya kistari: i5-6300U ni cha sita, i5-8350U ni cha nane. X270 zilitoka na cha sita au cha saba. Wauzaji wengi wameshaiweka Windows 11 humo kwa njia za panya na watakuonyesha inawaka vizuri, ila Microsoft haitoi ahadi ya masasisho kwa mashine za namna hiyo.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuweka Linux Mint, ambayo ni bure, na kuandikia LibreOffice, ambayo nayo ni bure na huhifadhi faili ambazo mhariri wako atazifungua kwa Word. Nafanya hivyo na kazi inakwenda. Tena programu huria za kuandikia si ngeni kwetu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta iliyozungumza Kiswahili, wakati wengi wetu tulikuwa hatujamiliki hata kompyuta moja. Kazi ile ilistahili kuenziwa zaidi ya ilivyoenziwa.

Njia ya pili ni kuongeza fedha. ThinkPad T480 ya mwaka 2018 ina betri mbili kama X270, nafasi mbili za ram, na nyingi zina prosesa ya kizazi cha nane, ingawa zipo za kizazi cha saba, kwa hiyo soma ile tarakimu. Kioo chake ni inchi 14 na inakaribia kilo 1.6 hata na betri ndogo. Nilitajiwa 600,000 hadi 720,000. Inachajiwa kwa matundu mawili ya USB-C tu, na matundu hayo huchoka. Chomeka chaji kwenye kila moja na utikise waya kidogo kabla hujakubali. Faida ya USB-C ni kwamba pawabenki yenye uwezo wa wati 65 inaweza kuichaji. Lile tundu la USB lililo kwenye kiti cha basi haliwezi. Linatosha simu.

Nikikokotoa X270 ya 480,000 pamoja na betri ya 100,000, nikaitumia miaka mitatu, ni shilingi 16,000 na ushei kwa mwezi. Ikiharibika kitu, kipuri kinapatikana na mafundi wanaijua.

Chromebook za mtumba ndizo za bei ya chini kuliko laptopu zote: 150,000 hadi 250,000. Nyingi zilikuwa za wanafunzi wa Marekani, na kwa kuwa zilitengenezwa zistahimili watoto, ni ngumu, zinawaka upesi na betri zake hudumu. Kwa anayeandikia Google Docs zinafaa, na unaweza kuandika bila bando mradi uliwasha mapema uwezo wa kufanya kazi nje ya mtandao. Tatizo lake ni tarehe. Kila Chromebook ina siku ambayo Google itaacha kuipelekea masasisho. Mwaka 2023 Google ilitangaza miaka kumi ya masasisho kwa zilizotoka kuanzia 2021, lakini miaka hiyo huhesabiwa tangu toleo lilipotoka, si tangu siku uliyonunua. Ingia kwenye mipangilio, sehemu inayoeleza kuhusu ChromeOS, utaikuta tarehe imeandikwa. Iliyobakiza miezi 20 kwa bei ya 200,000 inakugharimu 10,000 kwa mwezi, na hiyo si mbaya. Iliyokwisha muda itaendelea kuwaka ila bila kinga, na mimi singeifungulia barua pepe yangu. Pia mwombe muuzaji aifute mbele yako na kuianzisha upya. Ikiamka ikadai akaunti ya shule fulani, bado iko chini ya shule hiyo, na hutaweza kuimiliki.

Na asiye na laki mbili? Huyu wauzaji humpita, nami naona ndiye anayestahili jibu la wazi kuliko wote. Ikiwa una simu nzuri, tayari una kompyuta. Kibodi ya waya ya USB niliikuta kwa 15,000 hadi 25,000, kiunganishi cha OTG kwa 5,000, kishikio cha kusimamishia simu kwa 10,000. Hata 50,000 hazifiki. Kibodi ya bluetooth ni nadhifu zaidi na huuzwa 35,000 hadi 60,000, ila nayo inataka chaji. Ya waya hunyonya umeme kidogo tu wa simu. Word ya kwenye simu ni bure kwa kuandika na kuhariri kwenye vioo visivyozidi inchi 10.1. Na simu unaichaji popote: kwenye basi, kwa pawabenki yoyote, kwa sola ndogo kijijini. Kioo kidogo kinachosha, hilo ni kweli, na kuhariri mswada mrefu humo ni adha. Lakini rasimu ya kwanza inaandikika, na kati ya kibodi hiyo na ile laptopu mpya ya Celeron, mimi nachukua kibodi.

Limebaki jambo moja, nalo ni letu sisi tunaoandika Kiswahili. Mtumba wa Ufaransa na Ubelgiji mara nyingi huja na vitufe vya AZERTY, ambapo A na Q zimebadilishana nafasi, na A ndiyo herufi tunayoigusa kuliko zote. Mtumba wa Ujerumani huja na QWERTZ, ambapo Y imekaa mahali pa Z; jaribu kuandika "yake" na "zake" kwa haraka uone. Unaweza kubadilisha mpangilio ndani ya kompyuta, lakini maandishi juu ya vitufe yatabaki yale yale na yatamdanganya kila asiyeandika bila kutazama. Stika huuzwa, nazo hubanduka kwa jasho. Ukipewa mashine ya namna hiyo, ama ishushwe bei kwa kiasi cha kibodi nyingine, ama iache.

Basi usilipe ukiwa umesimama. Omba kiti, zima intaneti, chomoa waya wa chaji, andika aya nzima ya habari yako kwa dakika kumi, na ndani yake uweke "ng'ombe", "ng'ambo" na "kung'oa". Muuzaji mwenye mzigo mzuri atakusubiri na atakupa risiti ya EFD. Anayekuharakisha, mrudishie mashine yake na uende duka la pili.