Umri Mrefu Baada ya Saratani ya Kongosho

Kongosho ni kiungo chembamba kilicholala nyuma ya mfuko wa tumbo, karibu na uti wa mgongo, na kwa kuwa kimejificha huko ndani, mahali ambapo mkono wa tabibu haufiki na uvimbe mdogo hauumi, saratani ipatapo makao humo hukua kwa siri, hata aghalabu ya wagonjwa hufika hospitali maradhi yakiwa yamekwisha kuenea kwenye ini au kuikumbatia mishipa mikubwa ya damu. Ndiyo sababu hata Marekani, penye vyombo na dawa za kila namna, takriban watu 13 tu katika kila 100 huwa wangali hai miaka 5 baada ya kuambiwa kuwa wanayo.

Hata hivyo wachache hao wapo. Ruth Bader Ginsburg, jaji wa Mahakama Kuu ya Marekani, ambaye mwaka 1999 alikuwa amepatwa na saratani ya utumbo mpana na tangu hapo akawa akipimwa mara kwa mara, alionekana na uvimbe katika kongosho mapema mwaka 2009, kabla hajahisi dalili yoyote. Akapasuliwa mwezi wa Februari, na kabla ya wiki 3 kutimia amekwisha kurudi kwenye kiti chake cha hukumu. Saratani hiyo ya kongosho ndiyo iliyomwua mwaka 2020, akiwa na miaka 87, lakini baada ya kumwachia miaka 11 ya kazi.

Sharti la kwanza, basi, ni kuwahi, kwa maana upasuaji huwafaa mgonjwa mmoja au wawili tu katika kila 10. Upasuaji mmoja mkubwa, uitwao kwa jina la Allen Whipple, tabibu wa New York aliyeueleza mwaka 1935, huondoa kichwa cha kongosho, mwanzo wa utumbo mwembamba na kifuko cha nyongo, kisha viungo vilivyosalia huunganishwa upya na utumbo. Aliyesalimika baada yake aghalabu humeza vidonge vya vimeng'enya pamoja na kila mlo, kwani kongosho lililobaki haliwezi tena kusaga mafuta ya chakula, na wengine huhitaji insulini. Dawa za baadaye nazo zina uzito wake: katika jaribio la Ufaransa na Kanada lililotangazwa mwaka 2018, nusu ya waliopasuliwa kisha wakapewa mchanganyiko wa dawa kali waliishi zaidi ya miezi 54, ilhali kwa waliopewa dawa moja kipimo hicho kilikuwa miezi 35.

Lakini kuwahi na kisu havielezi kila kitu, maana wapo wawili waliopasuliwa wakiwa katika hali moja, mmoja akafa upesi na mwenziwe akaishi miaka. Mwaka 2017 wataalamu wa New York, walipozichunguza saratani za walioishi muda mrefu, walikuta zimejaa chembe za kinga zilizozitambua alama ngeni za ugonjwa, na chembe za namna hiyo zikaonekana zingali zikizunguka katika damu yao baada ya miaka mingi. Kwa elimu hiyo wakatengeneza chanjo, kila mgonjwa na yake, kutokana na uvimbe wake mwenyewe. Kati ya watu 16 waliochanjwa, miili ya 8 iliitikia, na baada ya miaka 3 hivi, 6 kati ya hao 8 walikuwa hawajarudiwa na maradhi. Idadi hiyo ni ndogo, wala haitoshi kuthibitisha tiba, lakini njia imeonekana.

Kwa hiyo nakusihi, msomaji: macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa mweusi, mwili ukikonda bila sababu, maumivu ya tumbo yakipenya hadi mgongoni, au kisukari kikizuka ghafla katika utu uzima, usingoje. Nenda ukapimwe, na ikiwa nduguzo wa damu waliugua saratani hii, mwambie tabibu siku hiyo hiyo.