Gari la zamani limerudi barabarani, masikio ya watoto je?

Volkswagen Beetle iliyofufuliwa ikipita mtaani, rangi mpya na watoto wamejaa nyuma, kila mtu hugeuka kuitazama. Walio ndani, mara nyingi, hawasikiani.

Injini yake iko nyuma, karibu kabisa na kiti cha watoto, na hupozwa kwa upepo wa feni badala ya maji. Sakafu na milango ni bati. Gari linapofumuliwa ili kuondoa kutu, vile vitambaa vizito na karatasi za lami za kiwandani hutupwa. Fundi akirudisha kapeti peke yake, mzazi unabaki na debe tupu, na debe tupu haliachi kuvuma.

Kipimo rahisi ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili aliye umbali wa mkono akusikie, kelele imekaribia desibeli 85. Kukaa humo kwa saa nyingi, siku baada ya siku, huumiza masikio.

Dawa ipo, ila ina mpangilio. Anza na raba za milango na matundu ya nyaya na pedeli. Tundu dogo hupitisha kelele nyingi, na hata moshi wa ekzosi. Kisha gonga bati kwa vidole. Panapovuma, safisha kwa spiriti na ubandike vipande vya mpira wa butili wenye foili ya alumini. Si lazima kufunika bati lote. Robo yake hivi, pale katikati, hutuliza sehemu kubwa ya mtetemo. Juu yake tandika sponji na mpira mzito wa kuzuia sauti, ndipo kapeti ifuate.

Usikubali fundi akubandikie lami ya kuezekea paa ili kuokoa fedha. Gari likiachwa juani hulainika, na harufu yake watavuta watoto. Usikubali pia abandike juu ya kutu, wala azibe matundu ya kutolea maji chini ya milango. Bati litaoza kwa ndani huku juu likimeremeta.

Jambo kubwa zaidi liko chini ya kiti cha nyuma. Humo ndimo betri ya Beetle inamokaa. Springi za kiti zikigusa vichwa vya betri, cheche huruka, na sponji ya kawaida hushika moto haraka. Hakikisha betri ina kifuniko kisichopitisha umeme, na upande wa injini vitumike vifaa visivyoshika moto.

Kabla ya kulipa, mwambie fundi anyanyue kiti hicho ujionee mwenyewe. Kisha endesha kwa mwendo wa safari na umuulize mtoto swali kwa sauti ya kawaida. Akijibu bila kusema "nini?", kazi imefanyika.