Setilaiti iliona Tana ikifurika, lakini haikuona mtaa wetu

Usiku wa Aprili 23, 2024 kuamkia 24, mvua ilipiga Nairobi hadi ukashindwa kusikia mtu aliye kando yako kitandani. Naishi Mathare, hatua chache tu kutoka mtoni. Usiku wa manane hivi jirani yetu alianza kugonga milango ya ploti kwa sufuria. Nilipotia mguu chini nikakanyaga maji. Kufikia asubuhi godoro, kompyuta yangu ya kuandikia na begi lenye vyeti vyote vilikuwa vimeenda. Sisi tulipona. Wengine hawakupona, na kufikia katikati ya mwezi wa tano mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 200 kote nchini.

Kilichobaki ni simu, kwa sababu mimi hulala nayo mfukoni. Siku chache baadaye rafiki yangu mmoja akanitumia linki. Huyu tulianza chuo pamoja. Mimi niliachia mwaka wa pili, karo ilinilemea, yeye bado yuko na anasomea mambo ya ramani. Akaniandikia: "Ingia hapo, tafuta kwenu, uone vile maji yalifika."

Linki ilikuwa ya Copernicus Browser, tovuti ya Muungano wa Ulaya ambapo mtu yeyote anaweza kutazama picha za setilaiti zao bila kulipa hata ndururu. Unalipia bando lako tu. Nikatafuta Nairobi. Picha ya kawaida ya rangi, ile ya Sentinel-2, ilikuwa mawingu matupu, nyeupe pepepe. Nikabadilisha nikaweka ya Sentinel-1, ambayo hutumia rada. (Sio ile rada ya mtaani ya kuulizana mambo yako vipi. Hii ni rada ya kweli.) Hapo Mathare nikaiona, lakini maji sikuyaona. Mtaa mzima ulikuwa doa jeupe linalong'aa, kama siku nyingine yoyote.

Nikampigia. "Buda, hii kitu inasema kwetu hakukuwa na mafuriko."

Akacheka, halafu akanieleza kitu ambacho nafikiri kila mtu anayesema "teknolojia itatuokoa" angefaa kukisikia kwanza.

Kamera ya setilaiti ni kama jicho. Wingu likiingia katikati, imekwisha, na mafuriko huja na mawingu yake. Hata Taifa-1, ile setilaiti ya Kenya iliyorushwa Aprili 15, 2023, hubeba kamera, kwa hivyo shida ni ileile. Rada ni tofauti. Yenyewe hutuma mawimbi chini, kisha hungoja yarudi. Mawingu hayaizuii, giza haliizuii. Ardhi yenye nyasi, mawe na miti hurudisha sehemu ya mawimbi hayo. Maji yaliyotulia huwa kama kioo kilicholazwa chini: mawimbi yakigonga yanateleza kwenda upande ule mwingine na hayarudi. Ndiyo maana kwenye picha ya rada maji hutoka meusi tititi.

Sasa leta rada hiyo Mathare. Kuta na mabati hurudisha mawimbi kwa nguvu sana, mtaa unang'aa, na maji ya kufika kiunoni kwenye kichochoro cha upana wa mita moja hayana pa kuonekana. Kila nukta ya picha hiyo ni mita 10 kwa 10. Ndani ya mita 10 kwetu kunaishi familia ngapi? Halafu kuna suala la muda. Mwaka huo Sentinel-1 ilikuwa imebaki moja tu inayofanya kazi, kwa sababu pacha wake aliharibika Desemba 2021, na mpya haikurushwa hadi Desemba 2024. Hiyo moja ilipita njia yake ileile kila baada ya siku 12. Maji ya mto wetu hupanda usiku, na kufikia mchana watu wanafagia matope. Setilaiti ikipita baada ya wiki inakuta nguo kwenye kamba.

Nilikasirika, sitaficha. Akaniambia, "Achana na Mathare kidogo. Shuka Garissa."

Nikashuka. Manze! Mto Tana kwa kawaida ni uzi tu kwenye picha. Siku hizo ulikuwa umetanda kama wino uliomwagika kwenye karatasi, mweusi kila upande, mji wa Garissa ukiwa ukingoni na upande wa Madogo umelowa. Huwezi kuuliza mara mbili hayo ni nini. Pale hakuna maghorofa ya kuichanganya rada, na maji yenyewe hayana haraka. Mvua hunyesha Aberdare na Mlima Kenya, inashuka kwenye mabwawa kuanzia Masinga hadi Kiambere, inafika Garissa, kisha inatambaa kwenye nchi tambarare kupitia Hola na Garsen hadi baharini. Safari hiyo ya chini huchukua siku kadhaa. Mtu wa Garsen ana muda. Kitu asichokuwa nacho ni mtu wa kumwambia.

Na hapo nikamkumbuka jirani yangu wa sufuria. Ni mlinzi wa usiku, Mpokomo wa kule chini ya Garsen, na mama yake bado analima ndizi na mahindi ukingoni mwa mto. Nikabisha kwake.

"Mzee, huu si mto wenu?"

Akashika simu, akaikaribisha machoni. "Ndio wenyewe. Mbona umenona hivi?"

Nikamwonyesha Madogo, kisha nikashuka na kidole polepole hadi kwao, ambako kwenye picha bado kulikuwa kukavu. Hakuniambia kitu. Alitoka nje akampigia mama yake, wakaongea Kipokomo muda mrefu. Alivyonieleza baadaye ni kwamba mama alikuwa ameshasikia redioni watu wa "maeneo ya chini" wahame. Lakini kule kwao maeneo yote ni ya chini, na hiyo tahadhari huja kila msimu. Swali lake lilikuwa moja: maji yamefika wapi hasa? Alipoambiwa yamepita Madogo na barabara haionekani, akasema basi, mbuzi wahame kesho. Walihama. Shamba la ndizi lilikwenda lote, lakini yeye na mbuzi wako.

Sitaki kujifanya shujaa hapa, kwa sababu mama wa watu anaujua mto huo kuliko mimi na setilaiti zote. Alichokosa ni jina la mahali. Na hii ndiyo inaniudhi zaidi, kwa sababu watu wanaojua kusoma hizi data tunao. Kule Kasarani kuna RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani kilichoanzishwa 1975, na kazi yake ni hii hii. Kuna GloFAS, mfumo wa Ulaya unaokadiria mito itajaa vipi hadi siku 30 mbele, na Msalaba Mwekundu wa Kenya huutumia kujipanga mapema kwa mito kama Tana. Lakini tahadhari nyingi zinazonifikia kwa WhatsApp ni faili ya kurasa kadhaa kwa Kiingereza, yenye ramani ya kaunti nzima iliyopakwa rangi nyekundu. Kaunti nzima! Mama wa Garsen aifanyie nini?

Kwa wewe ambaye huishi karibu na mto na unasoma hii ukingoja matatu, kuna kitu chako pia. Picha za Landsat zinaenda nyuma hadi 1972 na ni za bure tangu 2008. Kabla hujaweka pesa za chama kwenye ploti ya bei nafuu karibu na ziwa, tazama picha ya miaka iliyopita kisha ya mwaka huu. Watu wa Kihoto, Naivasha, waliona ziwa likiingia sebuleni 2020 na tena mwishoni mwa 2025. Kule Baringo, hoteli za Kampi ya Samaki ziko majini. Ziwa haliji usiku mmoja kama mto wetu. Linaonekana likija mwaka baada ya mwaka, na wakala wa ploti hatakuonyesha.

Na Mathare je? Rafiki yangu anasema sisi tuache kutafuta maji ardhini, tutazame juu. Meteosat hupiga picha za mawingu ya Afrika kila dakika 15, na wataalamu wa hali ya hewa pale Dagoretti huzitumia. Ukiona wingu zito limekaa upande wa Kiambu na halisongi, ujue mto utafuata. Si kipimo cha kitaalamu, na mara mbili nimeamsha ploti nzima bure. Mama mmoja wa hapo aliniambia nikimwamsha tena nitamlipia usingizi.

Jirani yangu naye sufuria yake bado iko nyuma ya mlango. Mvua za masika zikianza hunipigia akiwa kazini, saa nane za usiku, hata salamu hatoi.

"Kijana, wingu liko wapi?"

Nami nalala na simu chini ya mto, ule wa kulalia, bando ikiwa imejaa.